Mpokea Wageni wa Uvulini

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati la wino, vijana wa chumba cha michoro waliniuliza tulifanyaje kazi zamani, kabla ya herufi za kubandika na ile mashine ya kukuza picha. Niliwajibu kwa mkato, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na hotuba za kuniaga zilikuwa bado zinaendelea. Hapa nawajibu kwa kirefu. Habari za vyeo nitaziacha. Nilipandishwa cheo mara moja tu, na kiti kikabaki kile kile. Nitaeleza zaidi kazi moja, mchezo wa ubao wa Sirenge, ambao baadhi yenu mliucheza mkiwa wadogo. Mmenisifu kwa ajili yake mara nyingi, nami kila mara nikawa nageuza mazungumzo. Sasa mtajua kwa nini.

Niliingia kiwandani miaka ya sabini ikianza. Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji, na nilikwenda kwa miguu kutoka Makongeni, nilikokuwa nikikaa na mume wangu Musyoka katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Tulichapa chati za shule, kalenda, makaratasi ya kufungia sabuni, na michezo ya ubao kama ludo na nyoka na ngazi. Chumba cha michoro kilikuwa juu, chini ya mabati. Ikifika saa nane mchana ulilazimika kufunga kitambaa kwenye mkono ili jasho lisidondokee kazi. Tone moja la jasho kwenye wino ambao haujakauka lilitosha kukurudisha mwanzo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njoroge. Alikuwa mtu wa Murang'a, mwembamba, wa kuvaa koti hata wakati wa joto. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amewabebea wapima ardhi minyororo ya kupimia kwa miaka mingi, akazijua ramani kwa miguu kabla ya kuzijua kwa mkono. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi, kalamu na chupa ya wino, akaniambia nichore mto. Nilichora mto mzuri sana, wenye kona za kupendeza.

"Unatoka wapi?" akauliza.

"Kwenye huu mlima, Mzee."

"Sawa. Na huku uliko mwembamba, watu wanavukaje?"

Sikuwa nimewaza watu.

"Ukichora mto umeshachora mahali pa kuteka maji," akasema. "Ukichora mahali pa kuteka maji, umechora njia. Kwenye njia wanawake watakutana, watasemana, watagombana, mmoja atamwoza mwenzake binti. Wewe umechora nyoka. Futa."

Kufuta kulikuwa kazi yenyewe. Tulitumia wembe, tukikwangua wino taratibu huku tumezuia pumzi, kisha tukasugua mahali hapo kwa ukucha ili karatasi isinywe wino mpya ikaufanya utawanyike. Nilikwangua mto ule hadi saa ya kutoka. Kesho yake akaniambia nichore mwingine. Mto wa kwanza alioukubali niliuchora wiki ya tatu, na hata huo aliukubali kwa kuguna.

Baada ya miaka kadhaa, mwenye kiwanda alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa na mchezo wa ubao wenye falme za kubuni. Alitaka na sisi tuwe na wetu. Akauita Sirenge, jina lisilo na maana katika lugha yoyote niijuayo, na akatuachia mengine yote. Nchi ingekuwa na majimbo manne: la mlima, la ziwa, la msitu na la ukame. Wachezaji wangesafiri kwa dadu na kete, wakichukua kadi kila walipoingia jimbo jipya. Mzee Njoroge alijitwalia mlima, ziwa na msitu. La ukame akanisukumia mimi.

"Wewe ni mtu wa Kitui," akasema. "Huko ndiko kwenu."

Nilikasirika kidogo. Kisha nikaanza kazi, na sikumbuki wakati mwingine katika maisha yangu ambapo nilikwenda kazini nikiharakisha hatua.

Nilianza na mto kama alivyonifundisha, ila mto wangu niliupitisha chini ya mchanga. Kwetu maji ya kiangazi huchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, na mama akishafukua shimo hutulia kusubiri maji yajikusanye. Nikawapa watu wangu masikio ya kuusikia mto ukipita chini. Miti ilikuwa michache mno, kwa hiyo kivuli kikawa mali. Katika nchi hiyo mtu aliweza kukiokota kivuli cha mti, akakikunja kama leso, akaenda nacho. Nikaiita Uvulini. Mtoto akizaliwa alikatiwa kipande cha kivuli cha bibi yake. Watu wakioana, vivuli vyao vilishonwa pamoja. Waliogombana walikutanishwa saa sita mchana, wakati kivuli cha kila mtu ni kifupi na hakuna wa kumfunika mwenzake. Salamu yao ilikuwa "Umeketi?" na jibu lilikuwa "Nimeketishwa," kwa sababu hakuna aliyeketi kwenye kivuli chake mwenyewe kama kulikuwa na mgeni.

Sheria ya jimbo ilitokana na hayo. Mchezaji aliyefika Uvulini bila maji hakuweza kushambuliwa na mtu. Alichukua kadi ya Mpokea Wageni, akapumzika zamu moja, akaondoka na maji. Naye alitakiwa kuacha kitu, chochote alichochagua mwenyewe.

Mzee Njoroge alisoma maelezo yangu akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi. "Wanawazikaje?" akauliza.

"Mtu akifa wanamtandikia vivuli vyote alivyowahi kuwaketishia wageni."

Alivua miwani akaipangusa kwa koti. "Hao ni watu," akasema. Hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo, wala sikuhitaji.

Ilibaki sura ya huyo Mpokea Wageni. Mwaka ule mvua ilikuwa imekosekana nyumbani, na mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi Makongeni. Kila asubuhi alitoa kigoda akaketi nyuma ya nyumba, karibu na bomba, akiota jua na kusalimia kila mwanamke aliyekuja kuteka maji, awe anajua Kikamba au hajui. Jumamosi moja nikatoka na penseli na kalenda kuukuu, nikaanza kumchora kwenye upande mweupe.

"Wanichorea nini?" akauliza.

"Ni ya kazini, Mwaitu." Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwetu. "Kuna nchi tunaitunga. Wewe ndiwe unayewapokea wageni."

Akacheka, akaingia ndani kubadilisha leso. Aliporudi aliketi wima, amefumba mdomo, tabasamu likimtoka machoni tu. Meno ya mama yangu ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha, kama ulivyokuwa urembo wa wasichana wa rika lake, na hapa mjini alikuwa amejifunza kutoyaonyesha. Nilimchora hivyo hivyo, amefumba mdomo, mkono mmoja ukikunjua kivuli. Alipoiona picha aliishika kwa muda mrefu. "Huyu amekaa vizuri," akasema, kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine.

Tulimpelekea kazi Bwana Mshila, meneja wa mauzo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tai safi na haraka nyingi, na kila kitu alikitazama kwa macho ya mwenye duka atakayekiweka rafuni. Aliusifu mlima, akalisifu ziwa. Alipofika kwangu akakunja uso.

"Hapa nani anampiga nani?"

"Hapa hakuna kupigana, bwana. Hapa ni pa kupokelewa."

"Mama, mtoto akifika jangwani anataka kuogopa. Mlima una majitu, msitu una chui, ziwa lina mawimbi. Hapa kwako kuna bibi na leso." Wenzake wawili waliokuwa mle ofisini wakacheka. "Geuza. Watu wa hapa wawe wakali. Wananyang'anya wasafiri vivuli vyao. Anayefika anapoteza maji na anakosa zamu mbili. Na huyo bibi mfanye wa kutisha. Wapiga chapa wanasubiri Ijumaa."

Nilirudi juu nikamweleza Mzee Njoroge. Nilitegemea aseme nikatae. Nilitaka aniambie hivyo, ili kukataa kuwe kwake na si kwangu peke yangu. Wakati huo miguu ya Musyoka ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama kazini, na nyumba ile tulipewa kwa sababu ya kazi yake. Kama angestaafishwa, mshahara wangu ndio ungetutafutia chumba kwingine. Mzee alijua yote hayo.

Akasema jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema. "Mimi niliwahi kushika mnyororo kwenye shamba la kaka yangu. Walisema mpaka unapita hapa, na mimi nilijua haupiti hapo. Tangu utoto nilijua. Nikaushika mnyororo ukakaza, wakapigilia kigingi." Akaitazama mikono yake. "Mimi si mtu wa kukushauri, mama."

Akachukua kalamu yangu, akainoa ncha yake kwenye jiwe dogo alilokuwa nalo, akaipangusa na kunirudishia. Halafu akachukua kofia akatoka, ingawa ilikuwa saa nane tu.

Nilifanya kazi ile mchana huo na kesho yake. Kanuni na desturi niliziandika upya kwa muda mfupi. Kuharibu hakuna kona nyingi. Salamu niliitoa. Mazishi niliyatoa. Sura ndiyo iliyonichukua muda. Nilijaribu pembe, zikawa za kuchekesha. Nilijaribu kucha ndefu. Mwishowe nikashika wembe, nikazuia pumzi, nikakwangua midomo iliyofumba. Nikamchora mdomo wazi.

Sikuongeza kitu kingine chochote. Meno niliyajua yote, moja baada ya jingine, na pengo la kushoto nililijua. Nilikuwa nikiyatazama tangu utotoni akinitafunia nyama ngumu. Kwa kuwa niliyajua, yalitoka vizuri kuliko mchoro wowote niliowahi kufanya. Bwana Mshila alipoiona kadi alirudi nyuma hatua moja, kweli kabisa. "Huyu sasa," akasema. "Huyu sasa ni wa kukosesha mtoto usingizi." Jina likawa Mlavivuli.

Vijana wangu, mtu akiwaambia kwamba kazi mbaya ni ile iliyofanywa kwa uvivu, msimwamini.

Mchezo ulichapwa kwa rangi nne, kila rangi na karatasi yake ya mchoro, na alama za msalaba za kulinganisha rangi pembeni zilikaa sawasawa hata Mzee Njoroge hakupata la kulalamikia. Ulinunuliwa sana. Sikukuu zilipofika ulikuwa Makongeni, ulikuwa Makadara, ulikuwa kwenye kila baraza nililopita nikitoka kazini. Watoto waliutandaza sakafuni wakarusha dadu na kupiga kelele. Sikujisumbua kuificha nakala yangu nyumbani, kwa sababu sikuwa nimeichukua. Nilidhani hilo linatosha.

Alasiri moja nilipinda kona ya nyumba yetu nikawakuta watoto sita au saba wamejibana nyuma ya tangi la maji, wakichungulia. Mmoja akanong'ona, "Cheki, cheki, anacheka!" Mwingine akapiga ukelele, "Mlavivuli anakam!" Wakatawanyika mbio, wakiruka ili vivuli vyao visimguse mtu. Mtu huyo alikuwa mama yangu. Alikuwa kwenye kigoda chake, na alikuwa kweli anacheka, mdomo wazi, kwa sababu alidhani ni mchezo wa kujificha na wamemchagua yeye awatafute.

"Watoto wa hapa wamenizoea," akaniambia. "Kila siku wanakuja kucheza nami."

Niliingia ndani nikawasha jiko. Sikumwambia kitu.

Aliambiwa na kadi yenyewe. Wiki iliyofuata upepo uliipeperusha kutoka kwenye baraza la jirani, ikaanguka karibu na bomba, naye akaiokota kutaka kumrudishia mwenyewe. Niliporudi kutoka kazini alikuwa ameketi kitandani, kadi ipo mapajani. Leso aliitambua kwanza.

"Mwende," akasema. "Huyu ni mimi?"

"La, Mwaitu. Ni picha tu ya mchezo."

Akaitazama tena. Hakuwa anajua kusoma, lakini alikuwa amekwisha kumuuliza binti wa jirani imeandikwa nini, na yule binti, kwa adabu, alimsomea yote.

"Wewe hukuichora?"

"Niliichora. Lakini si wewe."

Mama yangu hakuwahi kunipiga nilipokuwa mdogo. Nikidanganya alikuwa ananitazama hivi, akingoja niseme tena. Safari hii nilibaki kimya, na baadaye kidogo akaacha kungoja. Akaiweka kadi juu ya meza, picha ikitazama chini, akaanza kukunja nguo zake.

Nilimwambia mvua bado haijanyesha. Musyoka, na miguu yake ile, aliinuka kitandani akamwomba akae hata mpaka mwisho wa mwezi. Akamjibu kwa upole kwamba ana mbuzi watatu aliowaachia watu na hajui wana hali gani. Mbuzi walikuwa wamekufa wote, sote tulikwisha kuletewa habari. Asubuhi nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Njia nzima alifunika mdomo kwa upindo wa leso, na alipokuwa akinipa mkono wa kwaheri alisema kwaheri bila kufungua midomo sawasawa.

Miezi ilipita. Mchezo ukaisha madukani, ikaamuliwa uchapwe tena. Nilikusanya ujasiri wangu wote nikaenda kwa Bwana Mshila. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa.

"Bwana, naomba nibadilishe uso kwenye kadi ya Mlavivuli."

Alikuwa anaandika. "Kwa nini?"

"Umefanana na mtu ninayemjua."

"Basi badilisha," akasema, akiendelea kuandika. "Weka uso wowote. Alimradi uwe wa kutisha."

Nilisimama pale. Akainua kichwa. "Kuna lingine, mama?"

Hapakuwa na lingine. Nilipanda ngazi nikikanyaga polepole. Alichotaka siku ile ni bibi wa kutisha, bibi yeyote. Hakuwahi kumtaka mama yangu. Ningemwomba siku ile ile ya kwanza angenijibu hivi hivi, bila kuinua macho. Mtu pekee katika kiwanda kile aliyemweka mama yangu kwenye kadi, na akamwacha pale, ni mimi.

Mzee Njoroge hakuwapo tena kunisikiliza. Macho yake yalikuwa yameisha, wakamwacha aende, akawa anakaa kwa bintiye, mtaa wa Bahati. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili alinishika uso kwa vidole ili anijue, akauliza kama bado ninakwangua kwa wembe au wamenunua mashine. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kwenda mara ya tatu.

Nilichora uso mpya. Ilinichukua siku moja. Nilikuwa nimeshakuwa hodari. Kadi za kwanza zilipotoka kwenye mashine nikachukua moja ingali na harufu ya wino, nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi kwenda Kitui.

Nilimkuta mama amekonda sana. Alikuwa amelala nje, chini ya ukuta wa nyumba, upande usio na jua. Nikampikia uji, nikamnywesha, na alipopata nguvu ya kuketi nikamkabidhi kadi. "Tazama, Mwaitu. Nimeibadilisha. Si wewe tena. Sasa hakuna atakayekuona humo."

Aliisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Alitazama meno ya yule wa kwenye kadi, kovu la shavuni, nywele zilizotoka chini ya kilemba. Nilikuwa ninamngoja anisamehe. Nilidhani nimesafiri kwa ajili hiyo.

"Umemchora vizuri," akasema. "Huyu naye ni mama wa nani?"

Nikafungua mdomo kusema si mama wa mtu, ni uso tu, nimeutunga. Hapo hapo nikaujua. Nilikuwa sijaujua mpaka aliponiuliza. Alikuwa mama mmoja aliyeuza mboga kando ya Jogoo Road, upande wa mahakama za Makadara, niliyempitia jioni nyingi nikitoka kazini. Kovu lilikuwa lake, kilemba kilikuwa chake. Mkono wangu ulikuwa umemchukua bila kunishauri.

Mama hakusubiri jibu. Alinirudishia kadi, akaniambia nile, uji umebaki kwenye sufuria. Hakuitaja tena siku zile tatu, na mvua iliponyesha mwezi uliofuata hakuwapo kuiona.

Niliporudi kazini makasha yalikuwa yamekwisha kufungwa na kupakiwa kwenye gari. Jioni nilishuka Jogoo Road kama kawaida. Yule mama aliniona kwa mbali, akanipungia, na kabla sijafika alikuwa ameshaanza kunichagulia nyanya ngumu, zile anazojua nazipenda. Alikuwa na wajukuu wawili wanacheza nyuma yake. Nilizipokea nikashukuru. Kuanzia siku iliyofuata nilinunua mboga kwingine, nikawa napita njia ya nyuma, na miaka yote niliyobaki kazini sikupita tena mbele yake.